Bei ya Mahindi na Bei ya Haki

Jambo tunalotaka kulizungumza nanyi leo lilianza kwa swali la mama mmoja mjane wa shirika letu hapa Katuba. Ilikuwa mwezi wa 12 wa mwaka 2024, majira ya mvua, wakati ghala za mavuno yaliyopita zinapokaribia kwisha na mashamba mapya bado ni majani matupu. Sala ilikuwa imekwisha, viti vimepangwa duara, na mtunza-sanduku wetu alikuwa akisoma daftari lake. Shirika lilikuwa na mifuko 40 ya mahindi, iliyonunuliwa wakati wa mavuno kwa michango ya jamaa zetu. Jioni ile tulipaswa kuamua bei ya kuiuza. Mtunza-sanduku akasema: «Sokoni mfuko ni faranga 70,000. Nasi tuuze 70,000.» Ndipo yule mama akainua mkono, akasema kwa upole: «Baba katekista, mahindi haya tuliyanunua kwa fedha yetu wenyewe, mfuko 40,000. Tangu siku ile yamelala tu nyumbani. Ile 30,000 inatoka wapi?»

Tarakimu hizi tumezilainisha kidogo ili zihesabike kwa urahisi, lakini swali ni lile lile alilolitoa. Nasi twakiri kwamba hatukuwa na jibu. Tulisoma seminari, tukafundishwa habari za haki kwa vitabu vinene. Lakini mbele ya mifuko 40 na macho ya mjane, ulimi ulikuwa mzito. Tukaomba juma moja la kufikiri. Haya tunayoyaandika ni matunda ya juma lile, pamoja na mambo tuliyojifunza baadaye.

Yafaa kwanza kukumbuka kwa nini bei ilipanda. Sisi watu wa Lubumbashi twala bukari, na sehemu kubwa ya mahindi yetu hutoka ng'ambo ya mpaka, kupitia Kasumbalesa, yapata kilometa 90 kutoka hapa. Majira ya mvua ya mwaka 2023 na 2024 yalikuwa mabaya sana nchini Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wa nchi ile aliutangaza ukame huo kuwa msiba wa taifa. Nchi yenye njaa huyashika mahindi yake. Tena mwezi wa 8 wa mwaka ule ule mpaka ukafungwa kwa siku chache, kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya bia na vinywaji vingine. Basi, mkate wa mtu wa Katuba wategemea mawingu asiyoyaona na mikutano asiyoitwa. Si ajabu watu waseme kwamba bei ni kama upepo, haina mwenyewe. Lakini je, ni kweli kwamba haina mwenyewe? Mfuko ukiwa mikononi mwetu, na kinywa chetu ndicho kinachotamka bei, tutamwambia nani kwamba ni upepo uliosema?

Wako wakristu wanaodhani kwamba kupiga hesabu nyingi ni dalili ya choyo, na kwamba mtu mwema huuza kwa moyo, si kwa kalamu. Hawa wanakosea. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kuhesabu kama mali yake yatosha. Na yule aliyetangaza kwa kitabu kilichopigwa chapa namna ya kuandika daftari la biashara kwa pande mbili, yaani kilichoingia na kilichotoka, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, mwaka 1494 huko Venezia. Kutohesabu si utakatifu. Mara nyingi ni uvivu, na maskini ndiye anayelipa gharama yake.

Na tuone basi kalamu yaweza kutuambia nini. Tutazipitia hesabu tatu, moja moja, nazo si ngumu.

Hesabu ya kwanza ni ya gharama. Mama mjane alisema mahindi yalitugharimu 40,000. Tukaongeza gari lililoyaleta, mifuko, dawa ya kuzuia wadudu, na yale yaliyoliwa na panya. Yote pamoja yalifika 45,000. Je, hiyo ndiyo bei ya haki? Yaonekana hivyo. Lakini ngoja kidogo. Sanduku letu halikuwekwa kwa ajili ya kuuza mara moja na kufunga mlango. Liliwekwa ili kila mwaka kuwe na mahindi wakati wa shida. Siku ile mfuko mpya, ukinunuliwa kwa wenye maghala na kufikishwa mpaka mlangoni petu, ulikuwa 60,000. Tukiuza mifuko 40 kwa 45,000, twapata 1,800,000. Fedha hiyo kwa bei mpya inanunua mifuko 30 tu. Mifuko 10 imepotea, wala hakuna mwizi aliyevunja dirisha. Tukifanya hivyo mara mbili tatu, sanduku litakuwa limekufa, na wa kwanza kulia atakuwa yule yule mjane.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana walilifundishwa na fedha yenyewe. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani. Na mwaka 1998 faranga moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Katika miaka ile muuzaji aliyepanga bei kwa kutazama nyuma, kwa yale aliyolipa jana, aliona fedha yake ikiyeyuka kama mvuke. Alipaswa kutazama mbele: nitalipa nini ili niweze kurudisha mali hii mahali pake? Basi, hesabu ya kwanza yatufundisha kwamba gharama ya kweli ya kitu ninachokiuza si ile niliyoilipa zamani, bali ile nitakayoilipa kesho ili nisimame tena mahali nilipokuwa. Kwa hiyo 45,000 ilikuwa ndogo mno. Mama alikuwa na haki ya kuuliza, lakini jibu lake halikuwa kamili.

Hesabu ya pili ni ya kiasi: tuweke akiba ngapi? Tuchukue mfano mwepesi kuliko wa mahindi. Mama mmoja anauza mikate asubuhi kando ya njia. Ananunua mkate kwa 300, anauuza kwa 400. Uliobaki kesho yake ni mgumu, anautoa kwa 250. Akibeba mikate michache, kila mnunuzi anayeondoka mikono mitupu amemkosesha faida ya 100. Akibeba mingi, kila mkate uliobaki umemtia hasara ya 50. Abebe mingapi? Wenye elimu wamepata jibu, nalo ni zuri kwa wepesi wake: chukua ile 100, uigawanye kwa 100 na 50 zikiunganishwa, yaani 150, unapata theluthi mbili. Basi abebe mikate inayotosha kwa siku mbili katika kila siku tatu. Kama ameandika kwa siku 30 ni mikate mingapi iliyotakwa, azipange siku hizo kutoka ile ya mikate michache mpaka ile ya mingi. Ile ya 20 itampa hesabu yake. Mtaalamu mmoja aitwaye Edgeworth aliitumia fikira hii mwaka 1888 kwa akiba ya fedha katika benki. Na mwaka 1951 Wamarekani Arrow, Harris na Marschak waliieneza kwa akiba za bidhaa. Leo maduka makubwa mengi huipiga kwa mashine.

Lakini tazameni vizuri, ndugu, ni kitu gani kilichowekwa katika mizani ile. Mnunuzi aliyekosa mkate amehesabiwa kuwa faranga 100, kwa maana ndiyo faida iliyompita muuzaji. Njaa ya mnunuzi mwenyewe haikuandikwa. Kwa mkate wa asubuhi si neno, atakula kiazi. Lakini geuzeni mfano: mahali pa mikate wekeni dawa ya malaria katika nyumba ya dawa ya mtaani, wakati wa mvua. Mtoto akifika usiku na kabati ni tupu, je, hasara ni ile faida ndogo aliyoikosa mwenye duka? Kalamu itaandika hivyo kama tukiiachia. Lakini kalamu hiyo hiyo, tukiiambia kwamba uhai wa mtoto una uzito usiolinganishwa na kidonge kitakachopita wakati wake, itatuambia mara moja: jaza kabati, hata kama kila mwaka vidonge vingi vitatupwa. Kanuni haikubadilika, kilichobadilika ni kile tulichokikubali kukihesabu. Ndiyo maana twasema: hesabu ni mizani njema, lakini mizani haichagui kitu gani kiwekwe juu yake. Anayechagua ni mtu, na ndiye atakayeulizwa.

Hesabu ya tatu ni ya uhuru wa kugeuza nia, nayo ndiyo inayotupita wengi. Tuseme katika mwezi wa 6 hatujui kama bei itapanda au itashuka. Tunaweza kununua mifuko yote sasa, na kama bei ikishuka tumepata hasara. Au twaweza kungoja, na kama ikipanda tumechelewa. Kuna njia ya tatu: kwenda kwa mkulima wa njia ya Kasenga, kumpa 2,000 kwa kila mfuko, na kumwambia: «Utuwekee. Mwezi wa 12 tukiyataka tutayachukua kwa 45,000. Tusipoyataka, hiyo 2,000 ni yako.» Tumenunua kitu gani? Hatukununua mahindi. Tumenunua uhuru wa kuamua baadaye. Aristoteli asimulia kwamba Thales wa Mileto, aliyedhihakiwa kwa umaskini wake, aliona dalili za mavuno mengi ya zeituni, akatoa malipo madogo mapema ili apate haki ya mashine zote za kukamulia. Mavuno yalipofika akawakodisha watu kwa bei aliyoitaka. Mwaka 1973 Black na Scholes walitoa kanuni ya kuhesabu thamani ya uhuru wa namna hii. Na mwaka 1985 Brennan na Schwartz waliitumia fikira hiyo kwa mfano unaotuhusu sana sisi watu wa Katanga: mgodi wa shaba. Walionyesha kwamba mgodi unaoweza kufungwa bei ikianguka, na kufunguliwa tena bei ikipanda, una thamani kubwa kuliko ule usio na uhuru huo, hata kama shaba iliyo chini ya ardhi ni sawa kabisa.

Hesabu hii ni ya kweli. Lakini tuulize tena: uhuru huo wa mmoja umebebwa na nani? Yule mkulima wa njia ya Kasenga amefungwa. Bei ikifika 70,000 hana budi kutuuzia kwa 45,000. Ile 2,000 ndiyo malipo ya kifungo chake. Kama aliipima na kuikubali kwa moyo mtulivu, hapana neno. Ni biashara ya haki. Lakini kama tulimjia siku ya kufunguliwa shule, watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, naye akakubali kwa sababu angekubali lolote, je, bado twaweza kusema, «Alikubali mwenyewe»? Baba Mtakatifu Leo wa XIII alilijibu jambo hili mwaka 1891 alipoandika juu ya mshahara: mapatano peke yake hayatoshi, maana juu ya mapatano iko haki ya asili. Na mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa VI akalikumbusha fundisho hilo kwa biashara ya mataifa: palipo na tofauti kubwa mno ya nguvu, ridhaa ya pande mbili haithibitishi kwamba mapatano ni ya haki.

Migodi nayo yatuonyesha jambo hili. Mwezi wa 3 wa mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la London. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 30,000. Mwezi wa 11 wa mwaka ule kampuni ya Glencore iliusimamisha mgodi wa Mutanda karibu na Kolwezi, hata bei zilipoinuka ukaanza tena. Hatusemi kwamba kusimamisha mgodi ni dhambi. Mgodi unaofanya kazi kwa hasara siku zote hufa kabisa, nao ukifa haumlishi mtu. Twasema tu kwamba uhuru wa kufunga, ambao katika karatasi ni tarakimu ya faida, katika mtaa huwa ni mtu anayerudi nyumbani mchana na kumwambia mke wake kwamba kesho hakuna kazi. Kama hesabu ya uhuru huo ikifanywa, haki yadai kwamba sehemu ya thamani yake iwafikie wale wanaoubeba: akiba ya siku za kufungwa, taarifa ya mapema, mafundisho ya kazi nyingine. Mwenye kununua uhuru wake na aulipie, asiuchukue bure kwa wasio na nguvu.

Mtu mmoja alituambia: «Lakini serikali yetu yenyewe ilizuia kobalti ili bei ipande. Kwa nini mimi nisizuie mahindi?» Ni kweli kwamba mwezi wa 2 wa mwaka 2025 nchi yetu ilisimamisha kupeleka kobalti nje, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka vipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Hapa hatuna haja ya kuamua kama vipimo hivyo vilikuwa vya busara. Lakini mambo hayo mawili hayafanani. Anayekosa kobalti atangoja kutengeneza betri yake. Anayekosa mahindi hawezi kumwambia mtoto angoje. Kitabu cha Mithali chaeleza kwamba watu humlaani azuiaye nafaka, na humbariki aiuzaye. Hakikusema hivyo juu ya madini. Kadiri kitu kinavyokaribia uhai, ndivyo haki ya kukizuia inavyopungua.

Sasa twarudi kwenye swali la mama: ile 30,000 inatoka wapi? Mwalimu wetu hapa ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Yeye afundisha hivi: kama muuzaji anapata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaruhusiwa kuihesabu hasara hiyo katika bei, hata kama bei itapita thamani ya kitu chenyewe. Lakini kama muuzaji hapati hasara, bali mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya haja hiyo. Kwa nini? Kwa sababu haja ile si mali ya muuzaji. Ni ya mnunuzi. Na hakuna awezaye kuuza kisicho chake.

Ndugu, tulisoma maneno hayo seminarini tukayapita kama mtu apitavyo mti wa njiani. Juma lile ndipo tulipoyaona. Tazameni jinsi yanavyoigawanya ile 30,000. Faranga 5,000 ni za gari, mifuko na panya: ni zetu. Faranga 15,000 nyingine ni hasara tutakayoipata tukitaka kurudisha mfuko mahali pake: nazo ni zetu. Zilizobaki ni 10,000, kutoka 60,000 mpaka 70,000. Hizo zinatoka wapi? Hatukuzifanyia kazi, wala hazizuii hasara yoyote ya sanduku. Zinatoka katika hofu ya mama anayesikia watoto wakilia. Tungeziuza, tungekuwa tumemwuzia mjane njaa yake mwenyewe.

Hapa watu wawili watasimama kutupinga, nao wastahili kujibiwa.

Wa kwanza atasema: «Basi, kila mfanyabiashara wa soko anayeuza 70,000 ni mwenye dhambi?» La, hatusemi hivyo. Yeye analipa kodi ya meza, mbebaji na mlinzi. Huwakopesha watu wasiolipa. Hukaa juani tangu asubuhi. Mtakatifu Tomaso huyo huyo asema faida ya kiasi, iliyo kama mshahara wa taabu ya mtu na riziki ya nyumba yake, ni halali. Pengine ile 10,000 ambayo kwetu ni bure, kwake ni jasho. Ndiyo maana kila mtu apige hesabu yake mwenyewe mbele ya Mungu. Hesabu ya jirani haimwokoi wala haimhukumu.

Wa pili atasema: «Bei ikiwa juu, wenye malori wataona faida na kuleta mahindi kutoka mbali, bei ikiwa chini hawatakuja, na njaa itazidi.» Huyu asema neno la kweli. Bei ni tarumbeta. Humwita mwenye ghala wa mbali. Mtawala anayelazimisha bei chini ya gharama huona mifuko ikitoweka sokoni. Walakini tuangalie: tarumbeta haihitaji sauti zote za dunia ili isikike. Bei inayorudisha mfuko, na kumlipa mwenye lori taabu yake, yamwita vya kutosha; na mifuko 40 ya Katuba, ikiuzwa kwa bei ya kurudisha, haikumzuia dereva yeyote asivuke Kasumbalesa.

Tena wakati kama huo kuna jaribu jingine, la kunyamaza. Cicero alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeleta nafaka kutoka Aleksandria mpaka kisiwa cha Rhodes, palipokuwa na njaa. Aliwapita njiani wenzake wengi wakija na merikebu zilizojaa nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, na bei ianguke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero aliona kwamba yampasa kusema. Mtakatifu Tomaso alilifikiri tena jambo hilo, akasema kwamba kwa haki kamili hafungwi kusema, maana kesho haijulikani kwa hakika. Lakini akisema, au akipunguza bei, atatenda kwa fadhila kubwa zaidi. Kwa hiyo liko deni la haki, na juu yake iko fadhila. Mkristu ambaye daima husimama kwenye mpaka wa haki, asiuvuke hata hatua moja kuelekea kwa ndugu yake, amelipa madeni yake, lakini bado hajapenda.

Tulipokutana tena, tuliyaeleza haya mbele ya shirika, tukaandika hesabu yote kwa chaki, mstari kwa mstari, ili hata asiyesoma sana aweze kuifuata. Tukakubaliana hivi: mfuko kwa 60,000. Na kwa jamaa 8, wajane na wagonjwa, 45,000. Mtunza-sanduku akauliza kwa haki: tofauti ya 15,000 nani ataibeba? Tukahesabu: mara 8 ni 120,000, yaani thamani ya mifuko miwili. Mifuko 32 kwa 60,000 ni 1,920,000. Mifuko 8 kwa 45,000 ni 360,000. Jumla 2,280,000, inayonunua mifuko 38. Sanduku litapungukiwa mifuko miwili, nasi twajua miwili hiyo imekwenda wapi. Sadaka isiyohesabiwa huua sanduku kwa siri. Iliyohesabiwa huonekana, na watu huweza kuijazia.

Msidhani kwamba mambo yalikwenda bila kosa. Juma la kwanza mtu mmoja alinunua mfuko kwetu kwa 60,000, na jioni ile ile mfuko huo ulionekana sokoni kwa 70,000. Wengine wakasema: «Mmeona? Wema ni ujinga.» Lakini kosa lilikuwa letu: tulihesabu bei, hatukuhesabu mlango. Tangu siku ile tukaacha kuuza kwa mfuko, tukauza kwa meka, kila jamaa meka zake za juma. Mlanguzi hapendi kupanga mstari kila juma kwa ajili ya meka chache. Mama mwenye watoto hupanga. Hivyo hesabu iliyonyooka kidogo ikautengeneza wema uliokuwa umevuja.

Na yule mama mjane? Tulipomaliza kueleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Sasa nimeelewa ile ishirini ilikotoka. Na ile kumi nimeona mmeiacha.» Hakuomba bei ya 45,000, tulimpa kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha. Wakati wa mavuno ya mwaka 2025 alikuja na ndoo ya mahindi kutoka shamba la mdogo wake, akaiweka mbele ya mtunza-sanduku, akasema: «Andika. Mimi nami naijazia ile mifuko miwili.»

Basi, ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ni muuzaji mahali fulani: wa makala, wa nguo, wa dawa, wa kazi ya mikono yake. Kabla hujataja bei, kaa chini kama yule mjenzi wa mnara. Andika gharama yako ya kesho, wala usione haya kuidai. Andika taabu yako, maana mfanyakazi astahili ujira. Kisha tazama kilichobaki juu, ujiulize bila kujidanganya: hiki nacho ni changu, au ni shida ya mwenzangu niliyoitia mfukoni? Kalamu itakusaidia kufika mpaka hapo. Hatua inayobaki, dhamiri peke yake ndiyo yaweza kuichukua.